Barua ya Kontena Namba Mbili

Niwaambie mapema kwamba nina hasira, na nusu ya hasira yenyewe najikasirikia mimi. Hiyo nusu nitaifikia. Acheni nianze na Mkubwa.

Mkubwa ndiye mwenye ofisi yetu ya mawakili. Tunashughulika na kesi za mitambo ya umeme, madaraja, barabara na mabenki yaliyoikopesha miradi hiyo, kesi ambazo faili moja tu hubebwa na watu wawili. Mwaka huo tulikuwa tunamtetea mkandarasi aliyekuwa akijenga kituo cha kupoza umeme. Kampuni ya umeme ilivunja mkataba wake kazi ikiwa imefika nusu. Kama alitaka kudai haki yake mbele ya waamuzi wa usuluhishi, mkataba ulisema notisi ya madai ifikishwe kwa kampuni hiyo kwa mkono, ndani ya siku ishirini na nane tangu uvunjwe, kwenye anwani iliyoandikwa humo. Siku moja ikizidi, kesi imekufa. Notisi niliiandika mimi. Aliyeipeleka ni Mzee Muhuri.

Mzee Muhuri alikuwa tarishi wetu kwa miaka ishirini na sita. Jina hilo walimbandika kwa sababu haondoki mahali mpaka daftari lake la kupelekea barua litiwe saini na kugongwa muhuri. Walimtania kwamba mkewe alipojifungua, alimtaka nesi agonge muhuri kwanza ndipo ampokee mtoto. Mimi nilipoanza kazi, sijui hata masjala ya mahakama iko mlango gani, yeye ndiye aliyenizungusha jengo zima. Mpaka leo huniita mwanangu. Barua hakuwahi kupoteza hata moja.

Siku ya thelathini na moja ikaja barua kutoka kwa mawakili wa kampuni ya umeme. Hatujapata notisi yoyote, walisema, na muda umekwisha, poleni. Waliandika "poleni" kweli, watu wale! Mkubwa akatukusanya chumba cha mikutano na kuagiza daftari liletwe. Akafunua. Siku ya ishirini na sita, saa tano asubuhi, Kontena Namba Mbili, kambi ya mradi. Saini ya mpokeaji ilikuwa na kaua kadogo pembeni, na chini yake muhuri wa zambarau wa saluni ya nywele.

"Saluni!" Mkubwa alilipigapiga lile daftari kwa kiganja. "Mzee, kesi kubwa kuliko zote humu ndani, notisi yake umempelekea msusi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nilijifanya nasoma karatasi zangu, na sijui kama kuna tofauti.

Mzee Muhuri alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Nilipeleka palipoandikwa, bwana."

"Macho yako hayakuona kwamba pale si ofisi tena?"

"Yaliona."

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu Mkubwa. Ana sauti nene na suti nzuri, lakini ni mwoga. Alishaanza kumwona mteja akiuliza nani kaharibu. Basi palepale akamwamuru katibu muhtasi aandike: "Mimi, tarishi, kwa uzembe wangu mwenyewe, nilipeleka notisi mahali pasipo sahihi." Ikachapwa, ikawekwa mezani. Sauti ya Mkubwa ikageuka laini ghafla. "Ni ya kuwaomba wale wenzetu wa upande wa pili watuvumilie tu, mzee wangu. Weka saini, yaishe."

Mzee aliisoma yote, polepole, mpaka chini. Kisha akainua macho akaniangalia. Tulikuwa watu tisa pale mezani, na aliniangalia mimi tu. Nikadhani anatafuta kalamu. Nikampa yangu.

Akasaini. Kabla ya kufunga ofisi akakabidhiwa barua nyingine, ya kufukuzwa kazi kwa uzembe. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Miaka ishirini na sita, halafu mtu atoke na neno uzembe kwapani! Nami nikafanya nini? Nikaenda nyumbani.

Asubuhi yake nikabeba mkataba nikaenda kulitazama hilo kontena. Kambi ya mradi ilikuwa imebaki vumbi na nguzo. Uzio ulishang'olewa. Kontena moja tu lilikuwa limesimama, limepakwa rangi ya waridi, lina pazia mlangoni, na chini ya ile rangi namba mbili ya mradi bado inasomeka. Ndani kulikuwa na vioo viwili na msusi mnene mwenye kitana mdomoni, anamsuka mteja. Nikamuuliza kama kuna barua aliyoletewa.

"Barua ya yule mzee?" alisema. Akaivuta nyuma ya kioo. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa. "Nimeitunza, nikingoja mwenyewe aje. Yule baba mbishi jamani! Nilimwambia hawa watu walihama, kontena waliniuzia mimi. Akasema mama, karatasi inasema hapa. Nikamwambia basi nenda makao makuu yao, si mbali. Akasita. Akapiga simu kuuliza."

"Alimpigia nani?"

"Nitajuaje? Alimwita mwanangu. Akamweleza yote, kwamba ofisi haipo, kuna saluni, aende wapi. Huko akajibiwa kwa mkato tu, maana hata simu ilikatwa yeye bado anaongea. Akaniambia, nimeambiwa hapahapa, saini mama."

Nikakaa kwenye kiti cha mteja, chini ya kikaushio cha nywele. Nikatoa simu nikarudisha nyuma mpaka siku ile. Ilikuwepo. Saa tano kasoro dakika tatu, Mzee Muhuri, sekunde thelathini na nane. Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa kwenye korido ya mahakama, jaji anaingia, na nilisema, "Mzee, peleka palipoandikwa, usinichanganye." Nikakata. Nikasahau kabisa, kama mtu anavyosahau kumfukuza nzi.

Na yeye hakunitaja! Mbele ya watu tisa, wanamcheka, hakunitaja.

Nilifungua mkataba palepale kwa msusi. Kifungu cha anwani kilikuwa na mistari minne. Anwani ya kupokelea notisi ni Kontena Namba Mbili, na haibadiliki mpaka upande wenyewe utoe taarifa ya maandishi kwamba umehama. Kampuni ya umeme ilihama, ikauza kontena, na taarifa haikutoa. Kwa hiyo notisi ilifika. Ilifika siku ya ishirini na sita, kwa mkono, mahali penyewe. Angeipeleka makao makuu ndiyo ingekuwa kosa. Ofisi nzima ya mawakili, na shahada zetu ukutani, aliyeutii mkataba ni tarishi.

Nilirudi ofisini mbio. "Usiitume ile barua aliyosaini mzee!"

"Nilishaituma jana," Mkubwa alisema. "Kwa mawakili wao na kwa waamuzi."

"Kabla ya kusoma kifungu?"

"Usinipandishie sauti."

"Napandisha! Umewapa wapinzani karatasi inayosema mahali pasipo sahihi, ikiwa na saini ya mtu wetu, na mahali palikuwa sahihi! Umemfukuza mtu kwa kosa ambalo halipo, na kwa karatasi hiyohiyo umeiua kesi ya mteja!"

Alikisoma kifungu mara mbili. Mtadhani aliona haya. Wapi! Alifikiri kidogo kisha akasema, "Tutaapa kwamba mzee hakuelewa alichosaini. Ni mtu mzima, akili imechoka. Andika kiapo, dereva ampelekee."

Nilimwangalia. Jana mzembe, leo zuzu. "Siandiki," nikasema.

Aliandika mwenyewe. Dereva akaenda, akarudi nacho bila saini. Mzee alimwambia amechoka kusaini maneno ya watu. Mimi nilimpigia simu mara sita siku ile. Hakupokea.

Basi nikaandika kiapo changu, nikakiwasilisha kwa waamuzi. Nikaeleza simu, saa na sekunde zake, na nilichomjibu. Wakili akishakuwa shahidi hawezi kuendelea kuwa wakili katika kesi hiyohiyo, kwa hiyo kesi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika niliiachia pale. Mkubwa aliniambia najichimbia kaburi. Nikamwambia aniletee na jembe.

Siku ya kusikilizwa, wakili wao aliinua ile barua mbele ya waamuzi watatu. "Shahidi, unataka kusema maneno haya ni ya uongo?"

"Ni ya uongo."

"Nani aliyatunga?"

"Mkubwa wangu. Yule pale, anayetafuta miwani."

"Na tarishi alilazimishwa?"

"Aliambiwa asaini yaishe. Kalamu nilimpa mimi."

Waamuzi waliliomba daftari. Walilipitisha mkono kwa mkono, wakautazama ule muhuri wa zambarau, na mmoja akauliza msusi yuko wapi ashukuriwe. Wiki tatu baadaye wakaamua kwamba notisi ilifika ndani ya muda na kesi iendelee. Mteja, ambaye siku ya kusikilizwa hakuwepo, akamshika mkono Mkubwa na kumsifu kwa umakini wake. Mkubwa akasema asante! Akaelekeza Mzee Muhuri aandikiwe arudi kazini, kwa huruma ya ofisi. Huruma! Neno hilo liliandikwa.

Mzee alikuja siku ya pili, amevaa shati lake jeupe la kazi, kadaftari kapya mkononi. Alipita meza zote moja kwa moja mpaka kwa Mkubwa. Mlango ulikuwa wazi, tuliona wote. Akaweka bahasha mezani.

"Karibu sana mzee wangu! Acha hapo, nitaisoma."

"Siachi barua bila saini, bwana."

"Ina nini?"

"Natoka kwa hiari yangu, na nataka lile neno uzembe lifutwe kwa maandishi, lipelekwe kila mahali lilikopelekwa. Saini hapa kwamba umepokea. Na muhuri."

Mkubwa alicheka peke yake. Mzee hakusogea. Simu ya mezani iliita mpaka ikakatika yenyewe. Mwishowe Mkubwa akasaini, akautafuta muhuri kwenye droo tatu, akagonga. Mzee akaupuliza wino ukauke.

Nilimkimbilia kwenye ngazi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka mawili matatu tu. "Mzee, nisamehe. Nilisahau ile simu. Kwa nini hukunitaja?"

"Ungefukuzwa wewe."

"Ungesema tu!"

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilipanda. "Mwanangu, nilikuangalia wewe useme. Kalamu nilikuwa nayo mfukoni."

Akavaa kofia, akashuka.