Msamaha wa Maiti

Kwa masikitiko makubwa, familia ya Mzee Haruna wa Kilangala inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki, walio karibu na walio mbali, kwamba mpendwa wao huyo ametangulia mbele ya haki leo alfajiri. Maziko ni leo hii baada ya sala ya adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Ndugu, jamaa na marafiki hao walikuwa mtu mmoja tu, Mzee Fakihi wa Sudi. Na wakati ujumbe unaondoka kwenye simu, marehemu alikuwa chumbani akilalamika kwamba uji wake hauna sukari.

Tangazo nililiandika mimi, Mwahija, mjukuu wake, kidato cha tatu, bingwa wa matangazo ya uongo. Bwenini niliwahi kutangaza, kwa sauti ya matroni, kwamba mkaguzi wa magodoro yuko getini, na wasichana wote wakabeba magodoro yao vichwani hadi uwanjani. Lakini hili la babu, nilijiambia, si mzaha. Hili ni jambo la heri.

Babu alikuwa amevimba miguu mpaka magotini. Hospitali walimrudisha nyumbani na kumwambia shangazi Amina, "Mpeni anachopenda kula." Kila mtu alielewa maana yake, babu akiwa wa kwanza. Ila alichokitaka hakikuwa chakula. Alimtaka Fakihi.

Wawili hao walitoka jando moja, wakaoa msimu mmoja, wakapanda mikorosho yao ikipakana. Halafu vikaja vyama. Babu akawa balozi wa chama kinachotawala, na Abdurahmani, mtoto wa Fakihi, akawa wakala wa upinzani. Kijiji kikagawanyika hadi kwenye jeneza: kila upande ukatengeneza lake, na upande mmoja ukipita na maiti, upande wa pili hawainuki kwenye bao.

Yaliyofuata babu alinisimulia mchana mmoja nikimkata kucha za miguu.

"Baada ya uchaguzi, watu fulani wenye gari walinikuta barazani. Wakauliza nyumba ya Abdurahmani. Sikusema neno, Mwahija. Nilinyanyua kidevu tu, upande wa nyumba yake."

"Kwa hiyo hukusema."

"Ndivyo ninavyomwambia Mungu miaka yote hii. Kila nikisujudu, namwambia, sikusema neno. Ananisikiliza tu."

"Na chama kilikupa nini?"

"Fulana." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Wale wakubwa tuliogombana kwa ajili yao wameshahamiana vyama, wanakula sinia moja. Sisi tumebaki palepale walipotuacha. Fakihi akahamia Sudi. Nikawa nakwenda msikitini, natoa salamu kulia, natoa kushoto, na mkono wangu hauna wa kuupa."

Kwa kuwa macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, mimi ndiye niliyemwandikia Fakihi kwa simu ya babu. Tuliandika kwamba anaumwa. Tuliandika kwamba anamwomba aje. Fakihi hakujibu.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Kwetu, kabla maiti hajafukiwa, watu huulizwa kama wamemsamehe, na sijawahi kumsikia mtu akikataa. Jirani yetu aliyenyang'anywa shamba na ndugu yake aliitikia "Tumemsamehe!" hata swali halijaisha. Mtu aliye hai anaweza kuomba radhi hadi ulimi ukauke. Maiti hupewa bure. Basi nikaona babu afe kidogo, asamehewe, kisha afufuke.

Bodaboda ilimshusha Mzee Fakihi karibu na alasiri. Shangazi alikuwa shambani anaokota korosho. Nilikuwa nimejitanda kanga na kuukunja uso kwa majonzi ya daraja la kwanza. Mzee alishuka mguu mmoja, akapumzika, akashusha wa pili. Mkononi alikuwa na mfuko wa mchele. Kanzu yake ilipigwa pasi upande wa mbele tu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Poleni, mjukuu wangu. Watu wako wapi?"

"Bado wako makaburini."

"Gari liliharibika Mnazi Mmoja." Akaketi barazani kama mtu aliyeangushwa. "Hata kumzika nimechelewa."

Akavua kofia, akajifuta nayo uso, na hakuuondoa uso kwenye kofia kwa muda. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Mzee kulia bila sauti halikuwamo. Nikakohoa, nikaendelea.

"Babu, marehemu aliacha neno. Alisema anakuomba radhi. Je, unamsamehe?"

"Alikwambia alichofanya?"

"Alisema alinyanyua kidevu."

"Kidevu." Akautazama mfuko wa mchele. "Abdurahmani alirudi anakohoa damu. Ramadhani haikumkuta. Haruna akaja mazikoni, nami nikamfukuza mbele ya watu. Nikamwambia, siku yako ikifika, chama kije kikuoshe. Maneno gani yale ya kumwambia mtu mliyetoka naye jando? Na bado nikiamka usiku nayarudia, na yananipa usingizi." Akaivaa tena kofia yake. "Haya. Aliyekwenda amekwenda. Nimemsamehe Haruna. Na Mungu amsamehe."

Nikainamisha kichwa kwa heshima zote. Kichwani tayari nilikuwa natafuta namna nzuri ya kulisimulia jambo hili, pa kuanzia na pa kuchekesha, niliposikia fimbo ikigonga sakafu nyuma ya mlango.

"Fakihi? Hiyo sauti ya Fakihi!"

Babu akatokea, mkono mmoja ukutani, shuka begani, akicheka kwa meno mawili yaliyobaki. "Umekuja! Nilimwambia huyu mtoto, Fakihi atakuja kabla sijafa. Umekuja mwenyewe!"

Mzee Fakihi alisimama, akasoma audhubillahi, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga nguzo. Akamtazama babu miguu. Akamtazama uso. Hofu ikamtoka polepole, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hofu.

"Haruna. U mzima."

"Mzima wa kufa. Keti, mwenzangu."

"Umejitangazia kifo ili uninyang'anye msamaha."

"Kifo gani?"

Mzee Fakihi akatoa simu yake ya vibonyezo. "Namba si yako hii? Maziko baada ya adhuhuri. Si wewe?"

Babu alinigeukia. Hakuniona vizuri, lakini alijua nilipo, na alijua nani huandika kwenye simu ile. Cheko lilimwisha usoni.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

"Basi soma. Nisomee ulichoandika."

Babu akaipokea simu, akaisogeza puani. Alikuwa ameishika juu chini.

"Hata leo," Mzee Fakihi akasema taratibu. "Miguu imevimba hivyo, kaburi linakuita kwa jina, na bado unanidanganya machoni. Msamaha nilimpa maiti. Wewe sijakupa kitu."

"Basi nipe sasa." Sauti ya babu ilikuwa ndogo. "Sikusema neno, lakini kidevu nilikinyanyua. Na nilijua wanamtaka kwa nini. Nilijua, Fakihi."

Hilo la kujua hakuwa ameniambia. Sidhani kama alikuwa amemwambia yeyote.

Mzee Fakihi aliichukua simu yake mkononi mwa babu.

"Ningeweza," akasema mwishowe. "Hapa nilipokaa, neno la kusamehe nililiweza. Sasa silioni lilikokwenda. Na safari nyingine wakiniambia umekufa, Haruna, sitaamini. Sitakuja."

Babu akajishusha chini kwa kuufuata ukuta, akaketi mlangoni.

Ndipo mgeni akanigeukia mimi. "Na wewe, msemaji wa familia. Ulitaka nini?"

Nikajiweka sawa. "Mimi, Mwahija, kwa nia njema kabisa, niliona ni wajibu wangu kuwapatanisha wazee wetu ambao tofauti za kisiasa..."

"Usinisomee tangazo. Nimeuliza ulitaka nini."

Nilitafuta sentensi nyingine nzuri. Hazikuwapo. Babu alikuwa amegeuza sikio upande wangu, anasubiri, kama vile jibu langu lingeweza kumsaidia.

"Nilitaka kuona kama utaamini," nikasema. "Nia njema niliiongeza baadaye. Nilikuona unalia kwenye kofia yako, babu. Ningeweza kusema palepale. Nilikuona, nikaendelea."