Kombe la Wamisri

Yasmin alisimama jikoni na sahani mkononi, nyeupe pe, haina hata nukta.

Sahani hiyo ndiyo ilikuwa maksi zake. Daktari Nyambura, Mkenya anayefundisha historia ya maandishi chuoni Braamfontein, aliwataka waandike zoezi kama wanafunzi wa Misri ya kale: kalamu ya tete, wino wa kujitengenezea, juu ya kigae cha chungu. Asiyeleta asubuhi ile, kafeli. Yasmin, mtoto wa dakika ya mwisho, kigae hakutafuta wala wino. Alichukua sahani ya mama yake na zafarani ya biriani, akafuatisha picha ya maandishi hayo ya kale iliyo kwenye simu, mkunjo kwa mkunjo, akalala zake.

Alfajiri akaamka bibi yake, Bi Tumu, aliyekuja kwao Kensington, mtaa usio mbali na chuo, kutoka Tanga na goti lake bovu. Akaona sahani nyeupe, maandishi ya zafarani yametoka kulia kwenda kushoto, na miwani hakuvaa. Mtu wa Tanga aambiwe nini tena? Kombe hilo, dua ya kuoshwa kwa maji na kunywewa iwe dawa. Akamimina maji, akatia marashi, akapiga bismillahi, akanywa lote.

"Mjukuu wangu ana huruma," alisema akijipangusa mdomo. "Umeniandikia bila kuombwa."

Yasmin akaangua kilio. Bibi alipoelewa, aliona haya, akavaa baibui. "Twende kwa huyo mwalimu. Niliyekunywa ni mimi, nitasema mwenyewe."

Daktari Nyambura alikisikiliza kisa chote akijing'ata asicheke. "Pole, Mama. Mbona hakuna kilichoharibika? Hata wale wa kale walikuwa wakiosha, kisha wanaandika tena kwa kichwa, bila kutazama popote. Yasmin, kigae hiki, kalamu hii. Andika."

Yasmin akaandika alama moja. Akaitazama, nayo ikamtazama. Ya pili haikuja.

"Ulifuatisha picha," mwalimu alisema.

"Ndiyo, Daktari."

"Basi kesho asubuhi, kwa kichwa. Ukishindwa, umefeli."

Bi Tumu hayo hayakumhusu. Lake lilikuwa moja tu. "Samahani, Mwalimu. Mimi nilikunywa dua gani?"

"Haikuwa dua, Mama. Ni mwalimu anamkaripia mwanafunzi mvivu, anamwambia aache mchezo ashike kalamu."

Bi Tumu akamtazama mjukuu wake, kisha kile kigae chenye alama moja.

"Masikini mimi," alisema, "kumbe nimekunywa dawa ya mwenzangu."