Kiti Chekundu cha Nyuma

Kibanda changu cha kushonea viti vya magari kinatazamana na geti la uwanja wa ukaguzi. Gari likikataliwa kwa sababu ya kiti kilichochanika, linavuka barabara kuja kwangu.

Mkaguzi mkuu wa zamani tulimwita Rudi Kesho, maana ndiyo kauli aliyokuwa nayo mdomoni. Marehemu mume wangu aliongeza kiti nyuma ya gari lake ili watoto wetu wote waenee. Rudi Kesho alipokiona, aliamuru king'olewe palepale, watu wakitazama. Kikang'olewa. Akamwambia arudi kesho. Kesho ikawa taa, keshokutwa breki, mara honi haisikiki vizuri. Mume wangu alisimama juani kwenye foleni ile mpaka gari likaota kutu, na yeye akanyauka nalo. Alikufa mtu wa kutembea kwa miguu.

Kile kiti nilikifunika gunia, nikakiweka darini. Subira huvuta heri, husema watu. Mimi nilikuwa navuta kingine.

Rudi Kesho alistaafu, akanunua gari jipya, nailoni bado ziko vitini. Akaja kwangu anachekacheka, wala hanikumbuki. Wajukuu wameongezeka, anataka kiti kwenye buti. Nikamuuliza kwa adabu: gari jipya la mtu binafsi si limesamehewa ukaguzi miaka minne ya mwanzo, mradi libaki kama lilivyotoka kiwandani? Likiongezwa kiti, msamaha si unakatika?

"Bi mkubwa, sheria hiyo nimeisimamia mimi. Nani atanichungulia buti, mimi?"

"Haya, baba. Nimeuliza tu."

Nikakishusha kiti cha marehemu. Nikakivika kitambaa chekundu, wekundu wa kuonekana toka kona ya mbali, mshono mara mbili kila ukingo. Nati nilizikaza kwa mikono yote miwili, maana wajukuu wake hawajanikosea.

Wiki haikuisha, askari wa barabarani wakauona wekundu ule kupitia kioo cha nyuma. Msamaha ukafutwa, gari likapelekwa ukaguzi. Nikasogeza kigoda changu mlangoni, nikawa nashona huku namtazama kwenye foleni, kofia mkononi, jasho likimchuruzika hadi kwenye kola. Wakaguzi wa sasa hawamjui. Walimwambia kiti king'oke kwanza, ndipo waangalie mengine.

Akavuka barabara kama walivyovuka wenzake.

"Bi mkubwa, nisaidie. Ning'olee hiki kiti, nife nacho kwa nini?"

Nikakata uzi kwa meno, taratibu. Nikamwambia kitambaa ni changu, lakini kiti ni cha mume wangu, na kiling'olewa mara ya kwanza kwa amri yake yeye aliyesimama mbele yangu, pale pale getini. Nikamtajia na rangi ya gari la marehemu. Alikumbuka, nilimwona.

"Rudi kesho," nikamwambia.

Akarudi. Spana ilikuwa mapajani mwangu, na sikuwa na kazi nyingine. Nikamwambia vilevile.