Vituo Kumi na Kimoja vya Kilimani

Nchi ya Mfalme Nyati ilikuwa na utaratibu wake: wakubwa walikaa Kilimani, na wanyonge waliowapikia na kuwafulia walikaa Bondeni, ng'ambo ya mto. Kila alfajiri wanyonge walivuka kwa kuogelea, na mamba hakuwahi kulala njaa. Ndiyo maana walipoambiwa watoe kibaba katika kila pishi la nafaka, ili ichimbwe njia ya reli ya kupita chini ya mto, walitoa bila kunung'unika. Mchimbaji mkuu alikuwa Fuko, mtoto wa Bondeni. Dada yake alikuwa mpishi wa Ngiri, Waziri wa Njia.

"Masika hayaji kabla hujapita pakavu, dada," alimwahidi.

Lakini desturi ya nchi ile, we acha tu! Ramani haikuwa halali mpaka kila mkubwa aikanyage, na unyayo ulipoangukia ndipo kijengwe kituo. Tembo akakanyaga, ukachimbwa ukumbi wa kuenea tembo kumi. Ngiri akakanyaga mara mbili, maana ana wake wawili. Kila unyayo mpya ulipinda njia, wachimbaji wakafukia kazi ya jana, wapimaji wa nchi za mbali wakaitwa kupima upya, na Bondeni wakatozwa tena. Miaka saba ikapita. Vituo kumi na kimoja, vyote Kilimani.

"Mtukufu Mfalme," Fuko alisema barazani, "mto uko kule. Nipe ruhusa nichimbe moja kwa moja, kituo kidogo cha kututosha sisi. Wiki sita tutakuwa tumefika."

Ngiri akacheka hadi meno yakatikisika. "Kituo kidogo! Wageni watatuonaje? Rahisi huvunja upishi, bwana Fuko."

"Na wanaoliwa?"

"Subira, bwana. Subira huvuta heri."

Masika ya mwaka ule yakaja, mto ukafura kuliko miaka yote. Wanyonge wakaingia majini vilevile, kwa kuwa asiyefika kazini hufukuzwa. Tisini hawakutoka. Fuko alikuwa akipanua ukumbi wa Tembo kwa mara ya tatu alipoletewa habari kwamba dada yake yumo. Alilia kwa sauti, wala hakuona haya.

Baraza likaitishwa. Mfalme alitokwa na machozi, tena ya kweli.

"Tuwajengee kituo cha kumbukumbu," akasema. "Majina yao yachongwe ukutani."

"Wapi, Mtukufu?" Fuko akauliza.

Ngiri akainamia ramani. "Bondeni pamejaa maji. Hapa nyuma ya kwangu pana nafasi."

Wakapiga makofi.

"Na jina la kwanza liwe la dada yako," Mfalme akamwambia Fuko kwa upole. "Anaitwa nani vile?"

Fuko akamgeukia Ngiri, aliyekula chakula cha mikono ya dada yake miaka saba. Ngiri akatazama chini.

"Muulizeni mamba," Fuko akasema. Akawaita wachimbaji wake, wakatoka wote.

Kesho yake hakuvuka mtu. Meko ya Kilimani yalikuwa baridi, na wakubwa, kwa mara ya kwanza, wakashuka ukingoni kutazama upana wa mto.