Bingwa Asiyejua Kukaa

Rory alikuwa bingwa, na bingwa huyo hakujua kukaa. Jina lake la mashindanoni lilikuwa refu kuliko la askofu, na tepe alizoshinda zilijaza ukuta mzima nyumbani kwa Valda. Lakini ukimwambia "kaa" anakukodolea macho kama umemtukania mama yake.

Merle alipewa mbwa huyo na Valda, dada yake, baada ya Rory kustaafu maonyesho ya urembo wa mbwa. Hakupewa kwa mapenzi, msije mkadhani. Valda alikuwa amepata mbwa mchanga wa kuzunguka naye kwenye mashindano, na kibanda kilikuwa kinatakiwa. Merle naye alikuwa mjane, baridi ya mji wao wa Colac inatafuna mifupa, na yule mbwa mwekundu mwenye manyoya ya kuburuza alimlalia miguuni tangu siku ya kwanza. Basi, akampenda kupita kiasi.

Balaa lilianzia kwenye nyonga. Nyonga ya Merle ilikuwa imekwisha, anatembea kwa mkongojo, shamba limeshauzwa, na mwisho wa mwezi alitakiwa kuhamia makazi ya wastaafu karibu na ziwa. Kule mbwa anaruhusiwa, ila mbele ya kamati lazima afanye mambo matatu: akae, atulie, aje akiitwa. Akishindwa, mwenyewe anahamia peke yake.

"Mambo matatu tu, baba," Merle akamwambia. "Hata vitoto vya mbwa vinaweza. Haya, kaa."

Rory akasimama vizuri zaidi. Akapanga miguu ya mbele, akavuta ya nyuma, akanyoosha shingo, mkia sawasawa na mgongo, akangoja. Kwake yeye kila mtu alikuwa jaji. Hata mleta barua akifika getini, Rory anajipanga hivyohivyo na kuachama kidogo akaguliwe meno.

Merle akampa vipande vya soseji. Akampa jibini. Akamsukuma kiuno taratibu, kiuno kikakakamaa kama meza. Mbwa akala soseji yote akiwa wima, kwa adabu zake zote.

Jumapili Valda akaja kunywa chai. Alipoona mazoezi yale alicheka mpaka keki ikampalia.

"Wewe Merle, wewe! Unamwambia akae? Huyu?"

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Mbwa akikaa mbele ya jaji, kwisha habari yake. Sisi hatuwafundishi kukaa, tunawafundisha wasikae. Tangu alipokuwa kadogo, kila akiinamisha matako namchoma chini ya tumbo kwa sindano ya kufumia." Akamega keki nyingine. "Siku chache tu. Hakurudia tena."

"Valda! Huna hata haya?"

"Haya ya nini? Tepe zile zilijileta zenyewe? Sikiliza, mdogo wangu. Mimi nilimtia hofu ya kukaa, na wewe mtie hofu ya kusimama. Unambembeleza mpaka lini? Mwezi si ndio huo unaisha?"

Merle akamwambia amalize chai yake aende. Alipobaki peke yake alipiga magoti kwa shida, akampapasa Rory chini ya tumbo. Mbwa akasisimka ngozi nzima, lakini hakusogea, maana mbwa wa maonyesho hukubali kushikwa popote. Merle akalia kwa hasira na kumlaani dada yake.

Sasa ngojeni mwone. Siku zikaenda, soseji zikaisha, Rory bado amesimama. Asubuhi moja ya mvua, nyonga inawaka moto, Merle alisema "kaa" mpaka sauti ikakauka. Mbwa kasimama, mzuri ajabu, anaangalia juu ya kichwa cha Merle akimtafuta jaji ambaye hayupo.

"Kaa, mshenzi wewe!"

Baadaye alisema mkongojo ulimponyoka. Uongo. Merle aliunyanyua, akalenga, akampiga miguu ya nyuma. Rory akalia mara moja, akaporomoka, akakaa. Na Merle, jamani, akafurahi! Akapiga makofi, akamwendea akichechemea na kipande cha nyama. Mbwa hakukigusa.

Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi. Alimpiga kesho yake, na kesho kutwa, halafu ikawa hakuna haja tena. Mkongojo ukiinuka kidogo tu, mbwa yuko chini. Rory akahamia kulala chumba cha kufulia, nyuma ya mashine. Merle akajiambia ni uchovu wa mazoezi, wakishahamia atarudi kitandani.

Siku ya kamati, wazee waliketi kwenye nyasi za makazi, mablanketi magotini. Valda naye alikuja, bila kualikwa. Mwenyekiti, mzee Garth, akatoa ishara.

"Kaa," Merle akasema, na kabla neno halijaisha Rory amekaa. Wazee wakashangilia.

"Tulia." Akaondoka akichechemea mpaka upande wa pili. Bata wakapita mbele ya pua ya mbwa. Hakupepesa jicho.

"Huyu kasoma, huyu!" akasema mzee Garth. "Haya bibi, mwite tumalize, chai inapoa."

Hilo Merle hakuwahi kulifundisha. Kwa nini alifundishe? Tangu mwanzo Rory alikuwa anamfuata hata chooni.

"Njoo, Rory."

Rory akautazama mkongojo. Mkojo ukamtoka, ukaloanisha nyasi.

"Njoo, baba. Njoo kwangu." Merle akautupa mkongojo mbali, akapepesuka, akanyoosha mikono mitupu. "Tazama, sina kitu! Njoo!"

Rory akainuka. Akakimbia mwendo wake wa maonyesho, kichwa juu, akamzunguka Merle kwa mbali, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Valda. Pale akapanga miguu, akasimama.

Valda hakucheka. "Mimi nilimchoma akikaa, wewe umempiga akisimama," akasema. "Lakini mimi angalau sikuwahi kumwambia kwamba nampenda."

"Mchukue basi," Merle akasema. "Tafadhali, dada. Kwako yuko radhi."

"Nikamweke wapi? Kibanda kina mwenyewe. Kesho nampeleka kwa daktari wa mifugo, sindano moja, kwisha habari yake, hatasikia kitu." Akafungua mlango wa gari, na Rory akaruka ndani bila kugeuka.

Merle akafumbua mdomo kusema hapana. Mzee Garth alikuwa ameshamwokotea mkongojo, anamshika kiwiko.

"Usijali, bibi. Nyumba yako iko palepale, unahamia Jumatatu kama tulivyopanga."

Merle akasikia gari likiwashwa. Hakuwa na pengine pa kwenda, kwa hiyo akasema asante.