Mkono wa Mwisho

Mvua ikianza Namuwongo, mtaa wa mabanda jijini Kampala, watu hawakimbilii ndani. Hutoka nje na taka zao, wakazimwaga kwenye mfereji uliovimba, na maji huzibeba hadi ziwani bila kudai asante. Lori la taka halijawahi kuingia vichochoro vile. Mvua ndiyo lori lao.

Bibiane, mkimbizi kutoka Kongo aliyeishi pale na binti yake Estelle, alifanya kama wengine. Kazi yake ilikuwa kuvunja skrini za kompyuta za zamani, zile zenye kichogo. Shaba aliichomoa akaiuza. Kioo na ganda lake vilingoja mvua.

Mwaka ule, mvua za Aprili zilipokatika, taka zilianza kurudi. Zilirudi jioni, zikifuata reli kutoka bandari ya ziwani, Port Bell, na treni ya mizigo ikija ziliipisha kwa adabu. Kila kitu kilikwenda kwa mtu aliyekigusa mwisho. Asuman, mkaanga chapati, alifungua mlango akakuta mifuko yake ya unga imejipanga ndani, akaiambia isogee kidogo apate kuvua viatu. Majirani waliosingiziana kwa miaka kuhusu nepi fulani sasa walijua ni za nani, na hilo lilileta amani ya aina yake.

Kwa Bibiane vilirudi vioo. Viliingia kimoja kimoja, vikikokota vichogo vyao, vikidondosha maji ya ziwa, vikakaa. Vilianza chini ya kitanda, vikamalizia juu yake. Estelle akawa analala ameketi, mgongo kwenye kioo, na kuamka na ladha ya chuma mdomoni. Mwenye nyumba alikuja kutazama. Alisema hana ugomvi na mambo ya Mungu, ila chumba alipangisha kwa watu wawili. Ifikapo Jumapili vioo viwe vimetoka, la sivyo Bibiane atatoka navyo.

Bibiane alijua vilikotoka. Kampuni moja ya bima kule Kansanga ndiyo iliyompa, siku ya hafla, chini ya bango lililosema kampuni inapenda mazingira. Mkurugenzi alimkabidhi kwa mikono yake mwenyewe, wakapigwa picha. Lakini huo ulikuwa mkono wa kwanza, na vioo havikuwa na habari na mkono wa kwanza.

"Basi aviguse tena," Bibiane alimwambia binti yake. "Kidole kimoja tu."

Alijitwika kioo kimoja akapanda nacho hadi Kansanga. Getini alikuwapo mlinzi, Obwona, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, ambaye mama yake alimlea kwa kuchota maji ya watu. Obwona hakuweza kumwona mwanamke na mzigo kichwani akabaki amekaa. Kabla hajamuuliza shida yake, alimpokea kile kioo akakitua chini, kando ya kiti. Ndipo akauliza.

Alisikiliza yote bila kukunja uso. Hata pale kazini printa moja ilimfuata mhasibu nyumbani, ikikimbia nyuma ya gari lake, na tangu siku hiyo wafanyakazi wote walipewa glavu. Walinzi hawakupewa, kwa kuwa walinzi hawabebi kitu.

"Bosi iko, mama," alisema. "Lakini mkono yake iko ndani ya glavu."

Mkurugenzi alitoka, mtu mchangamfu. Alimnyooshea Bibiane glavu aisalimie, akamuulizia mtoto, akasifu bidii ya akina mama wa Namuwongo. Bibiane alimwomba aguse kioo kwa kidole kitupu. Mkurugenzi alisema angependa sana, akatazama saa, akarudi ndani.

Bibiane aligeuka achukue kioo chake. Kilikuwa kimehama, kimeegemea buti la Obwona. Wote wawili walikitazama. Bibiane, aliyekuwa amekwisha kunyoosha mikono, aliirudisha polepole.

"Pole, afande."

"Si kitu. Ni kimoja."

Jioni kilimfuata hadi Luzira, kwenye nyumba za askari magereza, maana mkewe Lanyero alilinda wafungwa wanawake. Lanyero alikifunika kitambaa akaweka redio juu yake. Aliuliza tu huyo mama amebakiwa na vingapi. Obwona akasema hakuuliza.

"Miaka yote ile ya jeshi," Lanyero alisema, "hukufundishwa kuuliza wako wangapi?"

Jumamosi asubuhi kulikuwa na lori uani mwa kampuni. Wafanyakazi wenye glavu walipakia skrini nyingine, za kugawiwa akina mama wengine, na ubavuni mwa lori lilifungwa bango lile lile. Bibiane akatokea barabarani, kioo kingine kichwani. Alifika getini akasimama. Hakuomba kitu. Shingo ilikuwa ikimtetemeka, na macho aliyapeleka kwingine.

Obwona aliitazama mikono yake. Hakuna amri ya geti inayomtaka mlinzi amtue mtu mzigo, na kiti chake kilikuwa kizuri. Gari la mkurugenzi liliingia. Dirishani glavu iliwapungia wote wawili.

Obwona aliegemeza rungu ukutani, akainuka.

"Lete, mama."

"Polepole, afande," Bibiane alisema. "Hii iko nzito kuliko ya jana."