Majibu Yaliyobaki Isumbwe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama na baiskeli juu ya kilima cha Isumbwe, nikiutazama mstari wa buluu wa ramani uliokuwa umetoka kwenye simu yangu na kwenda kulala juu ya shamba la viazi la shangazi.

Nieleze kwanza, maana ndoto yenyewe haikujisumbua kueleza. Mimi ni Lusekelo. Kazi yangu pale Tukuyu ni kuwaongoza wageni wa baiskeli kwenye barabara za vumbi na changarawe: chai mkono huu, migomba mkono ule, vijiji katikati. Njia ninayojivunia kuliko zote inapita Isumbwe, na utamu wake wote uko kwenye kijia kinachokata shamba la Shangazi Subilaga, dada wa marehemu baba. Juzi shangazi alimtuma muuza maziwa aniambie kwamba Ijumaa asubuhi atakilima kijia hicho na kupanda viazi juu yake. Hakunipigia simu, kwa kuwa mambo ya ardhi, anasema, hayasemwi kwenye simu. Sababu hakutoa. Mimi Jumamosi nina wageni, na bila kile kijia tunarudi kwenye lami kukimbizana na malori ya magogo. Kazi yangu ingekufa mchana kweupe. Basi nililala kichwa kimenijaa.

Kwenye ndoto, shangazi alikuwa ameanika nguo juu ya mstari wangu wa buluu. Alianika khanga, blanketi, na soksi zangu za darasa la tatu.

"Shangazi," nikasema, "huo ni mstari wa njia."

"Ndiyo maana nimeanika. Umenyooka."

Begani alikuwa na jembe. Jembe lilikuwa limevaa miwani. Nikaliamkia kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu lilionekana lina umri.

"Ugonile."

"Ndaga," likajibu kwa heshima. "Umesimama usikie jibu, au unapita?"

"Ninapita."

Jembe likamgeukia shangazi. "Si nilikwambia?"

Napanda baiskeli, nakanyaga. Wageni wangu wamekwisha kuwa nyuma yangu, ingawa sikuwaita. Aliye karibu nami ni daktari wa meno kutoka Mbeya mjini, mtu mwema, ambaye amekata nusu ya mswaki wake ili baiskeli isiwe nzito. Changarawe inalia chini ya magurudumu. Moyo wangu unafurahi, nisiseme uongo. Naipenda njia hii kama mtu anavyompenda ndugu yake mkorofi.

Na kila tunayempita, tunamsalimu. Hilo nimewafundisha mwenyewe. Mgeni wangu hapiti mtu kama anapita kisiki.

"Habari za hapa, mama? Watoto hawajambo? Mavuno vipi?" anaita daktari, na kabla mama hajatua ndoo yake sisi tumeshapinda kona.

Nyuma yetu nikasikia miguu. Nikageuka. Kulikuwa na viumbe vifupi, kimo cha jogoo, vimevaa buti za mvua na makoti ya kuazima, vinatukimbilia huku vinahema.

"Ninyi ni akina nani?"

"Majibu," likasema la mbele, mkono kiunoni. "Mmeuliza, tumetoka. Tumetoka, mmeondoka. Huo ni ustaarabu wa wapi?"

Niliona aibu, nikaamua kukimbia. Nikaiambia baiskeli tuongeze mwendo.

"Mimi siongezi," baiskeli ikasema. "Umenivua kengele nipungue uzito. Umenivua madigadi. Jana nilikuona unaitazama keria. Ukishanimaliza mimi, utakuja kumpunguza nani?"

"Keria siiondoi."

"Apa."

Sikuwahi kuapa, maana barabara ilikuwa imekwisha kuwa jiko la shangazi. Nilikuwa bado nakanyaga, nayazunguka mafiga. Hakuna aliyeshangaa. Jiko lilijaa majibu: mengine kwenye benchi, mengine juu ya kuni, yote yanakula viazi vya kuchemsha na maziwa ya mgando.

"Unaona?" akasema shangazi. Macho yake yalikuwa kwenye chungu, hayakuwa kwangu. "Kila mkipita mnauliza, halafu mnaniachia mimi. Ya jirani nayo yanahamia hapa, eti mwongozaji ni mtoto wa Subilaga. Nitayalisha mpaka lini? Nalima njia. Njia isipokuwepo, hakuna atakayeuliza."

"Lakini kusalimu ni heshima, shangazi."

"Kusalimu ni kazi ya watu wawili, mwanangu."

Jibu moja nene likajisogeza kwenye mwanga. "Mimi ni la 'mavuno vipi,'" likasema huku linajifuta mdomo. "Nimekaa hapa tangu masika. Mavuno yalikuwa mazuri. Nimeyala mimi."

Nikauliza dawa yake ni nini. Jembe, ambalo sasa lilikuwa limekaa kwenye kiti cha mgeni, likasema dawa ni kila jibu kupelekwa kwa aliyeuliza, na lisikilizwe mpaka mwisho. Basi tukaanza kazi. Yale ya "salama tu" yalikuwa mepesi kama maganda ya vitunguu, wageni waliyatia mifukoni. Lakini ya kweli yalikuwa mazito. Jibu moja la "watoto hawajambo" lilipopanda mgongoni kwa daktari wa meno, spoku mbili zilikatika.

"Jamani, mimi niliuliza tu," daktari akalalamika. "Sikusema nataka kujua."

"Umechelewa," jibu likamwambia sikioni, likaanza: kuna mtoto wa kwanza, yupo Chunya, hajaandika siku nyingi. Daktari akapunguza mwendo. Kisha akashuka, akaanza kuikokota baiskeli, akitikisa kichwa na kusema, "Eeh. Eeh. Kisha?" Nikampenda ghafla yule mtu.

Jiko likabaki tupu. Tupu, isipokuwa nyuma ya mtungi, ambako nililiona jibu moja dogo limevaa sweta la zamani la shangazi, limeficha mguu mmoja ndani yake.

"Na wewe?"

"Mimi ni lako."

"Niliuliza nini?"

"Uliuliza, 'Shangazi, mguu unaendeleaje?' Kwaheri ukaisema hapohapo, kwenye pumzi ileile."

Nikamtazama shangazi. Alikuwa anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri kabisa. Huyu ndiye aliyenifundisha baiskeli, kwa kunishikia tandiko na kukimbia kando yangu kushuka kilima chote cha Isumbwe, khanga imemfunguka, anacheka.

"Basi sema," nikaliambia jibu.

"Sisemwi kwa mtu aliye juu ya baiskeli."

Nashuka. Kushuka kunachukua muda mrefu, kwa sababu miguu yangu haifiki chini. Nashuka, nashuka, napita mawingu ya Rungwe, hatimaye nakaa kwenye kigoda. Jibu nalo linapanda kwenye keria, linajiweka sawa, linamenya kiazi kwa utulivu wa mtu ambaye leo hana haraka. Linasafisha koo. Linafungua mdomo.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, Ijumaa. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa sebule, pale ninapoilaza siku zote. Mimi sipiki, naishi kwa chapati za mama anayeuza hapo chini. Lakini juu ya keria kulikuwa na ganda moja la kiazi, refu, limemenywa bila kukatika. Nikaligusa. Lilikuwa la moto.

Nikapiga simu Isumbwe.

"Ugonile, shangazi."

"Ndaga, mwanangu." Sauti ilikuwa ya nje, yenye upepo. Alikuwa shambani tayari. "Kama ni hicho kijia chako, nimekwisha kusema. Haya, una haraka ya wapi leo?"

"Sina haraka. Shangazi, mguu unaendeleaje?"

Nilingoja anijibu. Upepo ulivuma kwenye simu, ng'ombe akalia mbali, nami nikajishusha sakafuni na kuegemeza mgongo kwenye gurudumu.

"Bado upo?" akauliza.

"Nipo. Nimekaa."

Akavuta pumzi, kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha kilimani.

"Basi ningoje kwanza nirudishe jembe ndani," akasema. "Maana haya ni marefu."